Impala Iliyobadilishwa Isirudishwe Kiwandani

Tangazo la kuuza gari kubwa la Kimarekani la miaka ya 1950 au 1960, lililoshushwa chini, likabadilishwa viti na kupigwa rangi ya kumetameta, mara nyingi hubeba ahadi ya pembeni: mnunuzi akitaka, anaweza kulirudisha lilivyotoka kiwandani. Muuzaji huiweka ahadi hiyo ili kumtoa mnunuzi wasiwasi. Mimi naiona kuwa ni kuomba radhi pasipo kosa. Chevrolet Impala ya 1964 iliyopita mikononi mwa mafundi hodari wa California haikupoteza thamani kwa kubadilishwa. Thamani yake kubwa ilianzia hapo, na anayeinunua ili aifute kazi ya mafundi hao analipia kitu kisha anakitupa.

Hoja ya wapenda uasili naielewa. Kwenye minada ya magari ya zamani huko Marekani, gari husifiwa pale namba ya injini inapolingana na ile iliyotoka nayo kiwandani, rangi inapokuwa ileile iliyoandikwa kwenye kibati chake, na viti vinapokuwa havijaguswa. Kwa gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo, kipimo hicho kina mantiki, maana uchache wake umetoka kiwandani. Impala haikuwa gari la namna hiyo. General Motors iliitoa mwaka 1958 na kuiuza kwa wingi wa ajabu, hata mwaka 1965 peke yake Wamarekani walinunua zaidi ya milioni moja. Ndiyo maana miaka michache baadaye ilipatikana kama mtumba kwa bei ambayo kijana mfanyakazi wa East Los Angeles, mara nyingi Mmarekani mwenye asili ya Meksiko, aliimudu. Kiwanda kilimpa gari sawa na la jirani yake. Upekee aliutafuta mwenyewe kwa fundi bodi, kwa mshona viti na kwa mpiga rangi. Abiria wa Nairobi anayeacha matatu tupu ipite akisubiri yenye michoro na muziki hahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye Mercury ya 1951 inayojulikana kama Hirohata Merc. Mwaka 1952 kijana Bob Hirohata aliipeleka kwa ndugu wawili, Sam na George Barris, mafundi wa Los Angeles. Walikata paa na kulishusha, wakaondoa nguzo za katikati ya madirisha, wakabandika ubavuni mapambo yaliyotokana na Buick, kisha wakaipiga rangi za kijani zinazopishana. Kwa kipimo cha uasili, gari hilo liliharibiwa kabisa. Baadaye mtindo ukapitwa na wakati, thamani ikaporomoka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kijana mwingine, Jim McNiel, akalinunua kwa dola 500. Alikaa nalo maisha yake yote. Alipolikarabati, na hapa ndipo penye somo, hakulirudisha kwenye Mercury ya kiwandani ya 1951. Alilirudisha kwenye kazi ya Barris ya 1952. Gari hilo likaingizwa katika orodha ya kitaifa ya magari ya kihistoria ya Marekani, na Januari 2022 likauzwa mnadani Florida kwa zaidi ya dola milioni 2. Mercury ya mwaka huohuo isiyoguswa, hata ingekuwa safi namna gani, haikaribii bei hiyo.

Mabadiliko haya pia ni kumbukumbu ya mvutano kati ya vijana na dola. Mwishoni mwa miaka ya 1950 California ilipiga marufuku gari ambalo sehemu yake yoyote imeshuka chini ya rimu za magurudumu. Sheria haikutaja kabila la mtu, lakini kila mtu alijua ni vijana wa mitaa gani waliopenda kuendesha magari yaliyoinama, taratibu, jioni za mwisho wa wiki. Jibu la Ron Aguirre, mwaka 1959, lilikuwa kufunga pampu za haidroliki kwenye Corvette yake. Akiwa amepaki, gari hulala chini. Akimwona polisi, hubonyeza swichi, nalo huinuka hadi kimo halali. Pampu zile, ambazo leo watu huzishangilia zinaporusha gari juu kama mchezo, zilizaliwa kama hoja ya kisheria. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa jimbo kukubali yaishe: Oktoba 2023 Gavana Gavin Newsom alisaini sheria iliyofuta marufuku ile pamoja na amri za miji za kuzuia kurandaranda na magari, ikaanza kutumika Januari 1, 2024. Anayezing'oa pampu hizo ili gari lifanane na picha ya kitabu cha kiwanda anachana waraka.

Wapo watakaosema kwamba magari haya ni hatari, na kwamba wahandisi wa kiwanda walijua walichokifanya. Walijua kwa kiwango cha wakati wao. Impala ya 1964 ilitoka na breki za ngoma magurudumu yote manne, na mfumo wake wa mafuta ya breki ulikuwa mmoja tu, bomba likipasuka popote breki zote zimekwenda. Chesisi yake yenye umbo la herufi X haikuwa na reli za pembeni. Mafundi wengi wazuri hufunga breki za diski mbele, hutenganisha mfumo wa breki za mbele na za nyuma, na huimarisha chesisi kwa mabamba ya chuma kabla ya kuweka haidroliki. Kuliita gari la namna hiyo hatari, kisha kusifu lile la kiwandani, ni kupima kwa macho.

Pingamizi lenye uzito ni lingine: neno "kubadilishwa" limekuwa blanketi la kufunikia kazi mbovu. Hilo ni kweli tupu. Chini ya rangi ya kuvutia huweza kuwapo kutu iliyojazwa puti, na kwenye buti msururu wa betri zilizofungwa kwa nyaya za kubahatisha. Lakini sumaku isiyonasa kwenye bati hufichua puti nene bila kujali gari ni la asili au limebadilishwa, na walaghai wa kubandika namba za injini wamewaumiza wapenda uasili vilevile. Dawa ya kazi mbovu ni ukaguzi. Zaidi ya hapo, gari likirudishwa "kiwandani" leo litavalishwa mabati na vitambaa vilivyotengenezwa juzi kwa kuiga vya zamani. Mnunuzi atapata nakala, na ile kazi halisi ya mikono itakuwa imekwenda na takataka.

Nakubali jambo moja bila kusitasita. Magari ambayo hayajaguswa yanapungua, na anayepata Impala iliyolala gereji tangu mwanzo ikiwa na rangi yake ya kwanza asiikate leo. Aiache. Miaka ya 1960 ilikuwa mtumba wa kawaida, sasa ni adimu. Ninayoyatetea ni magari yaliyokwisha kubadilishwa zamani, na kwa ustadi.

Kwa hiyo muuzaji afute ile ahadi ya pembeni, na mahali pake aandike nani alikata bati, nani alipiga rangi, mwaka gani, aambatishe na picha za kazi ikiendelea na risiti zilizobaki. Mnunuzi naye, kabla ya kuuliza namba ya injini, aulize jina la fundi. Asipopewa jina wala picha, apunguze bei au aondoke.