Mume wa Bibi

Wazazi wenzangu, kama una mtoto wa miaka minne unajua kwamba ndani ya nyumba hamna siri. Mnanong'ona chumbani mkidhani amelala, kumbe mwenzenu anarekodi. Sasa mpeleke kwa bibi anayemwita "mume wangu", halafu kaa pembeni uone mambo.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza, na babu ni mpinzani. Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, kwenye makala yake ya mwaka 1940 kuhusu utani, aliandika jinsi mjukuu anavyojidai kutaka kumwoa mke wa babu yake. Ambacho makala za wataalamu hazikuandalii ni mtoto asiyejua kwamba ndoa yenyewe ni utani.

Tunaishi Dodoma, kama wafanyakazi wengi walioifuata serikali. Wakwe zangu wako Mtinko, kaskazini mwa Singida mjini, ukishapita Ilongero kama unaelekea Haydom. Dodoma mpaka Singida ni kama kilomita 240, wala si mbali, lakini ukiwa na kazi, na watoto wawili wanaobanwa mkojo kwa zamu, panakuwa mbali. Mwaka jana tulifika mara moja tu.

Safari hii kijana wetu alipokelewa kwa vigelegele. "Mume wangu amekuja!" Babu akanuna palepale: "Umenichukulia mke, mahari iko wapi?" Kijana akauliza mahari ni nini. Akaambiwa ni ng'ombe. Akatoka mbio, sisi tukaendelea na salamu, mara tunasikia anaita nje. Kasimama kwenye zizi, anamwonyesha babu ng'ombe wake mwenyewe. "Huyu hapa. Chukua!" Babu akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Yaani kamwoa mke wa mzee kwa ng'ombe wa mzee! Wapo wanaume wazima wameukosa ujanja huo.

Usiku tukakaa kula: ugali wa mtama, mlenda na kuku wa kienyeji, maana kwenda Singida usile kuku ni kama hukwenda. Bwana harusi, kapakatwa na bibi, akatangaza: "Mke wangu, Krismasi siji. Tunaenda Zanzibar."

Kimya. Hata dada yake wa miaka saba aliacha kutafuna. Mume wangu akawa anaitazama taa kana kwamba ndo anaiona leo. Jambo hilo tulikuwa tumelivutana miezi mitatu. Yeye anataka kwao, mimi nataka, kwa mara ya kwanza tangu tuoane, sikukuu ambayo siamki alfajiri kuosha masufuria. Na mama mkwe si mtu wa kuniuliza habari za likizo zangu. Tunaheshimiana, tunaamkiana, basi.

Lakini mume anaulizwa. "Kwa hiyo unaniacha na huyu mzee? Krismasi iliyopita pia hukuja. Nilipika, nikakungoja mpaka chakula kikapoa." Alisema huku anamtekenya, mtoto anacheka, na sisi tukacheka. Ila mimi nilisikia. Mwaka mzima tumeongea kwenye simu na hajawahi kulitaja.

Nikamwambia kijana, "Mwambie mkeo naye afunge mzigo, twende wote." Bibi yuko hatua moja kutoka nilipo, lakini kijana akasimama, akafikisha ujumbe neno kwa neno. Akarudi na jibu: "Bibi anasema meli hapandi." Akatumwa tena, akarudi tena, akaanza kudai soda kwa kila safari. Ujumbe wa nne ulikuwa huu: "Anasema Zanzibar nendeni nyie wawili. Mimi na dada mtuache hapa."

Nikamtazama mume wangu, akanitazama. Wawili! Mara ya mwisho kwenda mahali wawili tulikuwa tunaenda kujifungua. Nikamuuliza mama mkwe mwenyewe, kwa mdomo wangu, kama kweli atawaweza. Akasema, "Mwanangu, hao ni watu wangu. Pumzika."

Kwa hiyo tiketi ni mbili. Mume wangu bado anajifanya ameshindwa, ila nimemkuta anajaribisha kaptula kwenye kioo. Na Jumapili babu kapiga simu: yule ng'ombe wa mahari kazaa. Kijana akafikiri kidogo, akauliza chenji yake atapewa lini.