Umeokoka ama umeokolewa?

Wasee, high school niliinua mkono mara tatu kwa mikutano ya CU. Mhubiri alisema ni uamuzi wangu, nikaamua. Jumatatu naamka, mimi ni yule yule.

Mathe hudai sikuamua kwa dhati. (Hata kuacha chuo anaweka hapo.) Lakini soma Waefeso 2:8: Paulo anasema mmeokolewa. Yaani umetendewa. Sisi tumezoea "nimeokoka", kana kwamba mtu alijitoa mtoni mwenyewe. Mwaka wa 1618 Waprotestanti walikutana Dordrecht, Uholanzi, juu ya hii maneno, wakashikilia imani ni zawadi. Wamethodisti nao husema zawadi unaweza kuikataa.

Mimi niko upande wa zawadi. Lakini manze, mkono niliunyoosha mara tatu. Nani alikataa?