Mgonjwa wa sukari na aibu ya kula mchana wa Ramadhani



Kila mwaka mwezi wa Shaaban unapoingia, wagonjwa wetu wa sukari huanza kupungua pale zahanati. Si kwamba wamepona. Wanajua kuwa wakija nitawauliza habari ya funga, na wengi wao wameshakata shauri. Kadi zao hukaa kwenye boksi mpaka baada ya Iddi, na anayerudi hurudi na kidonda cha mguu, au na sukari ambayo mashine yetu inashindwa hata kuitaja kwa tarakimu.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha huku kwetu Kilwa, nilikuwa na mgonjwa mzee, mtu wa safu ya mbele msikitini. Kabla mwezi haujaandama nilimwambia, "Mzee wangu, mwaka huu usifunge." Akajibu, "Haya, dokta." (Mimi ni tabibu, si daktari, lakini huku kila mwenye koti jeupe ni dokta.) Foleni ilikuwa ndefu, nikaridhika na hiyo "haya" yake.

Mzee akafunga. Kidonge chake cha glibenklamidi, alichozoea kukimeza asubuhi kwa chai na muhogo, akakihamishia kwenye daku. Sasa kidonge hiki kazi yake ni kuisukuma kongosho itoe insulini, na hakiulizi kama tumboni kuna chakula au hakuna. Siku ya tisa, baada ya swala ya Adhuhuri, akaanza kutoka jasho la baridi, mikono inatetemeka, anazungumza maneno yasiyoshikana. Jamaa wakamlaza barazani, mmoja akaanza kumsomea. Kijana aliyekuwapo akasema apewe maji ya sukari. Akazuiwa. "Amefunga huyo, usimharibie swaumu yake."

Walipomfikisha kwetu juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili, alikuwa hasemi tena. Sukari ilisoma 1.6, na ikishuka chini ya 3.9 tayari ni hatari. Tukamwekea maji ya sukari mshipani, na baada ya dakika chache akafumbua macho. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mmenifuturisha." Kisha akalia.

Nimelifikiria sana neno lile. Imam Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha Sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Wale jamaa wa barazani walikuwa watu wema, na walimpenda mzee wao. Waliomkataza majeruhi nao walikuwa Masahaba.

Ruhusa ya mgonjwa haikutungwa hospitalini. Imo katika Sura ya pili, aya ya 184, ikarudiwa tena katika aya ya 185 pamoja na tamko kwamba Allah anatutakia wepesi. Na sisi tuliosoma Safina madrasa tulihifadhi mlango huu tukiwa watoto: nani analipa siku bila fidia, nani analipa siku pamoja na fidia, nani anatoa fidia peke yake. Mjamzito au mwenye kunyonyesha akijihofia nafsi yake, analipa siku tu. Akihofia mtoto peke yake, analipa siku na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mzee sana, au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anatoa kibaba hicho na hadaiwi siku. Tuliyahifadhi kwa Kiarabu, tukatafsiriwa, tukapigwa bakora pale tulipokosea. Yamekwenda wapi?

Kilichoyafunika ni aibu. Mtu anaona bora azimie kuliko jirani kumwona na kikombe cha uji saa nne asubuhi. Ninao akina mama wajawazito waliofunga mpaka wakaanguka kisimani, kwa sababu mawifi wanahesabu siku.

Lakini lawama nyingine ni yetu sisi wa koti jeupe. "Usifunge" ya jumla jamala, kwa kila mwenye kadi, si tiba. Muumini akiisikia anahisi kuwa anayesema hajui Ramadhani ni nini, basi anaitika "haya" na kwenda zake. Anayetumia metformini peke yake na sukari yake imetulia, mara nyingi anaweza kufunga kwa kupangiwa upya vidonge baina ya futari na daku. Wa presha anayemeza kidonge kimoja kwa siku, vivyo hivyo. Dawa za kifua kikuu na ARV nyingi za siku hizi humezwa mara moja kwa siku, na usiku wa Ramadhani una nafasi ya kutosha. Kuziacha mwezi mzima ndiyo balaa. Ila mwenye kuchoma insulini, mwenye figo mbovu, na aliyewahi kuzimia kwa kushuka sukari, hao nitawasihi mpaka sauti ikauke.

Wengine wanaogopa kupimwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilieleza kuwa kutolewa damu ya kupima hakufunguzi, wala sindano isiyokuwa ya lishe. Basi njoo utobolewe kidole mchana, ukiwa na swaumu yako. Ikisoma chini ya 3.9, au ikapita 16.6, fungua hapo hapo. Na ukimwona mwenzio anayetumia dawa za sukari anatoka jasho na kuropoka, mpe maji ya sukari maadamu anaweza kumeza. Akishapoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbize hospitali.

Futari zetu nazo! Magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati zilizochovywa shira, halafu chai yenye vijiko vinne. Hilo nitaliandikia siku yake.

Ombi langu ni kwa maimamu, kuanzia Kivinje mpaka Lindi mjini. Darsa za baada ya Alasiri huanza na nguzo za funga. Wiki ya mwisho ya Shaaban tupeni siku moja, ustadhi na tabibu wakae mkeka mmoja. Mzee yule hakunisikiliza mimi. Alimsikiliza imamu wake, aliyekuja kumtazama kitandani akamsomea ule mlango wa fidia, pole pole, mara mbili.

Sasa kila jioni ya Ramadhani mjukuu wake hupita na kibaba cha mchele kwenda kwa fukara wa mtaani. Uji wake wa asubuhi anakunywa ndani, mlango umerudishwa. Simlaumu kwa hilo.