Mshumaa hausukumi maji

Kila umeme unapoanza kuringa hapa Bongo, washauri hujitokeza. Nunua mishumaa. Chaji simu mapema. Usifungue friji ovyo. Mwenye uwezo atafute jenereta. Magazeti yanaandika, redio zinarudia, na sisi wasomi wa mjini tunaitikia. Ushauri wenyewe si mbaya. Ubaya wake ni kwamba umeandikwa na mtu wa Sinza kwa ajili ya mtu wa Sinza.

Hebu upeleke Newala uone.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na kule juu hakuna mto. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye mchanga na kwenda kutokea chini kabisa mabondeni. Ndiyo maana kwa vizazi na vizazi akina mama waliteremka makorongo na kupanda tena na mtungi kichwani. Mwingereza alijenga mradi wa maji wa Makonde miaka ya 1950, na mpaka leo chanzo chake kikubwa ni visima vya Mitema, kule bondeni upande wa Kitangari. Maji yanavutwa na pampu, yanapandishwa mlima, ndipo yasambae Newala, Tandahimba na Nanyamba. Pampu hizo zinakula umeme.

Umenielewa, ndugu msomaji? Umeme ukikatika Sinza, unakosa taarifa ya habari. Ukikatika Mitema, baada ya muda bomba la Newala nalo linakauka, hata kama nyumbani kwako taa zinawaka! Sasa huo mshumaa unaoniambia ninunue utasukuma maji kutoka Mitema? Jenereta ya dukani itayapandisha ule mlima?

Teremka Masasi. Kule mambo ni tofauti kidogo, lakini hasara ni ileile. Fundi wa kuchomelea anakaa kibarazani anapiga soga. Mashine ya kusaga imenyamaza, na mtoto aliyetumwa unga anarudi na mahindi. Mama anayeuza samaki wa barafu anahesabu saa, maana friji lililofungwa hushika ubaridi kwa saa nne hivi, zaidi ya hapo ni bahati nasibu. Hawa wote wamejiandaa? Wajiandae vipi wakati hawajui umeme unakatika saa ngapi na unarudi lini?

Zamani tuliambiwa ni ukame. Mgawo wa 2006 ulikuwa ukame, wa 2011 pia. Sawa. Lakini leo tuna Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa ilikamilika 2025. Na kusini ndiko iliko gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982. Watu wa Mtwara waliingia barabarani 2013 wakipinga gesi kusafirishwa, wakapigwa, na bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa Oktoba 2015. Miaka yote hiyo Lindi na Mtwara zilikuwa bado nje ya gridi ya taifa, na umeme wa Masasi na Newala ulisafiri kutoka Mtwara kwa laini ndefu zinazopita katikati ya mikorosho. Tawi moja likiangukia waya wakati wa mvua, wote walioko mbele ya tawi hilo wanalala giza. Hilo si tatizo la megawati. Ni nguzo, waya, na panga la kukatia matawi kabla mvua hazijaanza Novemba.

Kuna wenzetu watasema, "Kila kitu serikali? Wananchi nao wajitegemee." Nakubali. Mwenye bati afunge mfereji na avune mvua, kama wanavyofanya wengi Newala. Madumu yajazwe siku maji yanapotoka. Taa ndogo ya sola ni bora kuliko kibatari kinachowavuta watoto moshi na kutishia nyumba ya makuti. Umeme ukikatika chomoa friji na runinga, maana unaporudi huja na hasira. Mwenye jenereta aiweke nje, kabisa nje, kwa sababu moshi wake ukijaa ndani unaua watu wakiwa usingizini.

Lakini watu wa uwanda huo wamekuwa wakijitegemea tangu enzi za mtungi. Tena tukumbushane kitu kimoja. Mwenye LUKU analipa kwanza, anatumia baadaye. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo inakatwa humohumo. Kwa hiyo mkazi wa Masasi ameshalipa, halafu anaambiwa anunue na mshumaa, na dumu, na sola. Analipia giza mara mbili. Huko ndiko kujitegemea?

Kujiandaa kunahitaji taarifa. TANESCO wanapokata kwa ajili ya matengenezo, ratiba yao iwataje Newala na Masasi kwa mitaa na kwa saa, itangazwe redioni, msikitini na kanisani, si kwenye mtandao peke yake. Ikivunjwa, waeleze kwa nini. Na kabla hawajagusa laini ya Mitema, wakubaliane na watu wa maji ili matangi yajazwe kwanza. Hapo EWURA hawana pa kujificha. Jina lao ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Vyote viwili viko mikononi mwao, ofisi moja, muhuri mmoja. Kama kuna mtu nchi hii anayepaswa kujua kwamba umeme wa Mitema ndiyo maji ya Newala, ni wao.

Mkishatoa ratiba ya kweli, njooni mtufundishe kujiandaa. Kabla ya hapo, mishumaa yenu bakini nayo.