Kumbukumbu Zisifungiwe

Msomaji, ukifika Voi utaona reli mbili. Ya zamani, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19, ina upana wa milimita 1,000. Mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli ya kwanza haliwezi kwenda juu ya reli ya pili. Mzigo ukitaka kuendelea na safari kwa reli mpya, sharti upakuliwe na kupakiwa upya.

Hali ya hati za ofisi ni hiyo hiyo. Maneno ni mzigo, faili ni behewa, na programu ni reli. Ofisi inunuapo kompyuta mpya, faili zilizoandikwa kwa WordPerfect au Lotus 1-2-3 huenda zikakataa kufunguka, au zikafunguka zimevurugika. Mwaka 2007, nyongeza ya Microsoft Office 2003 ilizuia aina kadhaa za faili za zamani, kwa hoja ya usalama. Karatasi ya mwaka 1960 haimwombi mtu ruhusa ili isomwe!

Wapo wasemao, "Ya kale yamepita, tuandike mapya." Hiyo ni hoja ya mvivu. Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta ilipoanza mwaka 2013, ilirithi kazi za mabaraza yaliyoitangulia. Mahali ambapo mashamba ya mkonge, Mbuga ya Tsavo na makao ya watu hupakana, orodha ya viwanja isiyosomeka yaweza kumnyima mtu haki yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lisilofunguka lina tofauti gani na daftari lililochomwa moto?

Dawa ipo. Tangu mwaka 2006 OpenDocument imekuwa kanuni ya kimataifa, na maelezo yake yamewekwa wazi, kama upana wa reli ulivyo wazi kwa kila aundaye behewa. LibreOffice, programu itolewayo bure, huitumia kanuni hiyo, na hufungua faili nyingi za zamani. Wala lugha si kisingizio: mwaka 2004 Jambo OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili nchini Tanzania.

Nanyi vijana, makarani na walimu wa kesho, msikubali kompyuta kuukuu itupwe kabla kila faili haijafunguliwa, ikalinganishwa na asili yake, na kuhifadhiwa upya kwa kanuni iliyo wazi. Hati ya umma ni mali ya umma. Ufunguo wake usikae mfukoni mwa mfanyabiashara mmoja.