Sikio la Mzee Nalo Litibiwe

Mzee wa Meru au Embu ambaye sikio lake limetoa usaha miaka nenda miaka rudi, mara nyingi huandikiwa dawa ya matone na kurudishwa nyumbani. Kijana akigunduliwa ana tundu lile lile kwenye ngoma ya sikio, huzungumziwa habari za upasuaji. Mzee huambiwa ni umri. Naona jibu hilo halina msingi, kwanza kwa sababu tundu lenyewe kwa kawaida halikuletwa na uzee. Huanzia utotoni, kwa mafua na maambukizi yasiyotibiwa. Wengi wa wenye miaka sabini leo walizaliwa wakati wa Hali ya Hatari ya ukoloni, familia zilipokusanywa katika vijiji vya lazima kuzunguka Mlima Kenya, na msongamano ni rafiki mkubwa wa maambukizi ya sikio. Matone yenyewe yana mpaka wake. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule wa Kiambu na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba baada ya wiki 16, usaha ulikuwa umekauka kwa asilimia 51 ya waliosafishwa sikio na kupewa antibiotiki, na kwa asilimia 22 tu ya waliosafishwa bila dawa. Lakini ngoma zilizojifunga zilikuwa karibu asilimia 15 kwa kundi la kwanza, na makundi mengine hayakuwa mbali. Dawa hukausha, tundu lililokaa muda mrefu huhitaji kiraka. Ikiwa ngoma ya mtoto hujifunga kwa nadra hivyo, sioni mzee anangojea nini.

Kiraka hicho si jambo geni. Wajerumani Wullstein na Zöllner waliweka misingi ya upasuaji wa sasa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Daktari huchukua utando mwembamba unaofunika msuli wa juu ya sikio, huuacha ukauke kidogo hadi ukae kama karatasi, kisha huutandaza chini ya tundu na kuuegemeza kwa vipande vya sponji inayoyeyuka yenyewe. Pengine hutumia gegedu la sikio lenyewe, ambalo ni gumu zaidi na halinywei upesi. Ripoti za hospitali nyingi duniani huonyesha kiraka kikishika kwa wagonjwa wanane au tisa katika kila kumi, na walipotenganishwa waliopita miaka 60 au 65, matokeo yao kwa jumla yalikaribiana na ya vijana. Ngozi ya mzee hupona polepole, ni kweli, ila polepole ni tofauti na kutopona. Kuhusu hofu ya nusukaputi, wengi wanaweza kufanyiwa kwa ganzi ya sikio peke yake, wakiwa macho.

Msomaji makini atasema wazee walioingia katika ripoti hizo walichaguliwa, wakaachwa wenye kisukari kisichodhibitiwa, presha ya juu na moyo dhaifu. Pingamizi hilo lina uzito, nami nalikubali. Ila tazama linakotufikisha: kilichowachuja wagonjwa hao ni afya yao, wala hakikuwa mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho. Mwenye tundu dogo, kavu, lisilomsumbua anaweza kuachwa alivyo. Mwenye sikio moja tu linalosikia ashughulikiwe kwa tahadhari kubwa. Mengine ni ya kupimwa, mtu kwa mtu.

Pingamizi gumu zaidi ni la kusikia kwenyewe. Kiraka hurekebisha njia ya sauti. Hakifufui mishipa ya sikio la ndani iliyochakaa kwa miaka. Kwa hiyo kijana na mzee wanaweza kupata nafuu sawa katika sehemu iliyokuwa imeziba, lakini mzee abaki bado anaomba watu warudie maneno. Anayeahidiwa masikio ya ujanani amedanganywa. Hata hivyo, wanaosema basi apewe kifaa cha kusikia badala ya kisu husahau kwamba kifaa kikipachikwa kwenye sikio linalovuja huzuia hewa, hulifanya livuje zaidi, na mwishowe huwekwa kabatini. Sikio kavu ndilo linalovumilia kifaa. Mzee aliyezibiwa tundu, akaoga bila pamba, harufu ikaisha, kisha akavaa kifaa, amepona kwa kipimo chochote cha haki. Na si suala la starehe: jopo la jarida la Lancet, mwaka 2024, liliorodhesha upungufu wa kusikia kuanzia umri wa makamo kati ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na ambayo yanaweza kupunguzwa.

Wapo watakaosema madaktari wa masikio ni wachache, watangulizwe watoto. Watangulizwe, sina ubishi. Lakini foleni yenye mtoto mbele si sawa na foleni isiyo na mzee kabisa. Huku kwetu masikio ya wazee bado yana kazi: kesi za mipaka ya shamba huamuliwa kwa ushahidi wao, na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, huketi ili kusikiliza. Kikwazo halisi ni umbali. Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kiraka hudai kurudi kliniki mara kadhaa. Sh2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali kwa wazee, zinaweza kuishia kwenye nauli ya mzee na msindikizaji wake. Kaunti hizi mbili zikipanga siku maalumu za upasuaji wa masikio katika hospitali zao za rufaa, na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyorithi NHIF mwaka 2024, ikalipa bila kuzungusha watu, tatizo kubwa litakuwa limeshughulikiwa.

Wakati huo ukisubiriwa, anayempeleka mzazi wake kliniki aombe sikio lisafishwe na kuchunguzwa, kipimo cha kusikia kifanywe, kisha aulize waziwazi kama upasuaji unafaa. Akijibiwa haufai, aulize ni ugonjwa gani unaouzuia. Akitajiwa umri peke yake, aombe barua ya rufaa kwa daktari mwingine.