Mpira wa Kazini: Tunayoyakumbuka na Tunayoyadai



Vijana wa kazini hutuuliza mara kwa mara, sisi wazee tuliocheza mpira, kisha tukaufundisha, kisha tukaupulizia filimbi, ni siku gani tunayoikumbuka kuliko zote. Wanatazamia tutaje kombe. Makombe ya kutaja tunayo, lakini jibu letu liko kwingine, nalo linahusu haki ya mfanyakazi. Ndiyo maana tumeomba nafasi katika ukurasa huu.

Kwanza ijulikane mpira wa Uganda ulikulia wapi. Timu ya Kampala City Council, ambayo siku hizi inaitwa KCCA, ilianzishwa mwaka 1963 na ndugu Samuel Wamala, aliyekuwa mkuu wa kitengo cha maji machafu katika halmashauri ya jiji. Wale waliozibua mabomba mchana ndio waliosakata kabumbu jioni. Ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1968, ulichukuliwa na Magereza. Walikuwapo watu wa kahawa, watu wa benki, na watu wa viwanda vya nguo vya Jinja. Simba, timu ya askari, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1972. Kwa jirani zetu ilikuwa vivyo hivyo: Tanzania ilikuwa na Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza, na Kenya Breweries ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1994. Kandanda yetu imetoka katika jasho la mfanyakazi.

Sisi wenyewe tulikuwa watu wa zamu. Kengele ya saa kumi ikilia, tulinawa mikono mafuta ya mashine tukakimbilia kiwanjani. Njumu zilikuwa chache, kwa hiyo aliyetoka alimvulia aliyeingia, na mwenye mguu mkubwa alicheza pekupeku. Mpira ukipasuka, fundi viatu wa sokoni aliushona kwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Golikipa wetu alikuwa mnyapara. Jumamosi akifungwa bao la kizembe tulimkaripia sisi. Jumatatu alitukaripia yeye. Hata hivyo, tangu alipoanza kudaka mipira pamoja nasi, alijifunza kutuita kwa majina yetu badala ya nambari.

Tunaukumbuka pia Machi 1978, timu ya taifa ilipokuwa Ghana katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ulikuwa wakati mgumu katika nchi yetu. Sukari na sabuni zilikuwa adimu, na watu walikuwa wakitoweka. Tulikusanyika watu kumi na zaidi kwa redio moja ndogo, mmoja wetu akiishika waya yake ili sauti isikatike. Tulipoifunga Nigeria 2-1 katika nusu fainali, watu wa makabila yote na dini zote walikumbatiana, wakati ambapo kila mtu alikuwa akimwogopa jirani yake. Fainali tulifungwa na Ghana 2-0, lakini Phillip Omondi, kijana wa KCC, alikuwa miongoni mwa waliofunga mabao mengi kuliko wote katika mashindano yale. Ilituchukua miaka 39 kurudi katika fainali hizo, mwaka 2017.

Sasa tuieleze siku yetu.

Beki wetu wa kulia alikuwa fundi wa mitambo. Katika mechi ya kirafiki, akiwa amevaa jezi yenye jina la mwajiri kifuani, alivunjika mguu chini ya goti. Jumamosi ile mwajiri alikuwa jukwaani akipiga makofi. Baada ya wiki tatu mshahara wa mwenzetu ulisimamishwa. Ofisi ilisema hakuumia kazini, aliumia akicheza, na mchezo ni starehe ya mtu binafsi.

Siku ya mshahara tulisimama mlangoni na kofia moja. Hatukumtangazia mtu. Kila aliyepita alitia chochote, hata wale wa zamu nyingine ambao hawakujua hata jinsi timu inavyopangwa. Mama mmoja mfagiaji alitia alichonacho, akasema, "Mwanangu naye anacheza." Jioni ile chama kilituma wajumbe ofisini. Walikuwa na hoja moja tu: kama mchezo ni starehe ya mtu binafsi, basi jina la kampuni livuliwe kwenye jezi, na ile picha ya kombe iliyotundikwa ofisini iondolewe. Mazungumzo yalichukua siku nne. Mwenzetu alirudishiwa mshahara wake, na mguu ulipopona alipewa kazi ya kukaa katika stoo. Kofia ile ndiyo kombe letu.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya zamani. Tunakubali kwamba mengi yamebadilika. Mashirika ya umma yalipobinafsishwa katika miaka ya 1990, timu nyingi zilikufa pamoja nayo, na viwanja vingi vikawa maghala na maegesho ya magari. Lakini jambo lenyewe halikuzeeka. Hata leo kijana wa kazini huombwa avae jezi ya kampuni katika bonanza, na akiumia huambiwa ajitibu. Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeumia kwa ajili ya kazi na akiwa kazini. Neno hilo "akiwa kazini" ndilo waajiri wanalojificha nyuma yake. Basi tusingoje ajali ndipo tubishane. Tuliandike mapema katika mkataba.

Tunapendekeza kila tawi lipeleke mezani mambo matatu. Mosi, mchezo wowote unaochezwa kwa jina la mwajiri uhesabiwe kuwa kazi, na aliyeumia humo atibiwe na alipwe kama aliyeumia kwenye mashine. Pili, kiwanja cha wafanyakazi kisiuzwe wala kujengwa bila chama kukubali. Tatu, akina mama wapewe saa zao za mazoezi na vifaa vyao, kwa maana nao ni wachezaji.

Mwaka 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa kwa pamoja heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ni fahari yetu sote, na viwanja vikubwa ni vizuri. Lakini mchezaji hazaliwi katika kiwanja kikubwa. Huanzia kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya karakana, na analindwa na wenzake walio tayari kushika kofia mlangoni.

Vijana, chezeni. Lakini kabla ya kufunga kamba za njumu, usomeni mkataba wenu.